Homegoing, Pachinko, Kintu au utatu wa Cairo: uanze na riwaya ipi ya ukoo?

Mtu akisema anataka kuanza kusoma riwaya za ukoo, zile zinazoanza kwa babu na kuishia kwa kitukuu au kilembwe, swali la kwanza analoulizwa huwa ni: unapenda historia ya wapi? Akitaja nchi, anapewa kitabu. Mimi naona swali hilo huja mapema mno. Nimeona wasomaji hodari wakikiweka kando kitabu kizuri kabla ya kufika katikati, na historia haikuwa na kosa lolote. Waliacha kwa sababu mtu waliyempenda aliondoka, kitabu kikasonga mbele bila yeye, na hakuna aliyekuwa amewatahadharisha kwamba ndivyo kilivyojengwa.

Riwaya ya aina hii ni mbio za kupokezana kijiti. Mwandishi ana miaka mia, pengine mia mbili na zaidi, watu wanazaliwa na kufa mbele yake, na lazima aamue kizazi hiki kitamkabidhije kinachofuata hadithi. Hapo ndipo vitabu hivi vinapoachana njia, na hapo ndipo pa kuchagulia. Nchi na vita vinaweza kusubiri.

Ninalinganisha vinne ambavyo nimevisoma zaidi ya mara moja: Homegoing cha Yaa Gyasi (2016), Pachinko cha Min Jin Lee (2017), Kintu cha Jennifer Nansubuga Makumbi (2014), na utatu wa Cairo wa Naguib Mahfouz, juzuu tatu zilizotoka mwaka 1956 na 1957. Vitatu vya kwanza viliandikwa kwa Kiingereza. Mahfouz aliandika kwa Kiarabu, na tafsiri ya Kiingereza ya juzuu zote tatu ipo. Miisho sitaisimulia.

Kijiti kinachokatwa na kijiti kinachoshikwa

Nianze na Homegoing na Pachinko pamoja, kwa sababu ndivyo vinavyopendekezwa sana kwa anayeanza, na ndivyo vinavyotofautiana zaidi.

Homegoing kina sura 14, na kila sura ina mtu wake. Mwanzoni kuna mabinti wawili wa mama mmoja, Effia na Esi, wasiojuana. Effia anaolewa na Mwingereza anayetawala ngome ya Cape Coast, pwani ya Ghana ya leo, anaishi juu. Esi amefungiwa chini ya sakafu ile ile, katika shimo la watumwa, akingoja meli. Kutoka hapo sura zinapishana: mtoto wa huku, mtoto wa kule, mjukuu wa huku, mjukuu wa kule, mpaka karibu na siku zetu. Kila mtu anapata kurasa ishirini hivi. Ukishaanza kumzoea, sura imekwisha, na sura inayofuata inakupeleka bara lingine, kwa mtu usiyemjua.

Wapo wanaoichukia namna hii, na ninawaelewa. Mara ya kwanza nilikasirika kweli nilipomwacha Kojo. Huyu ni fundi wa meli mjini Baltimore, Marekani, anayeishi kama mtu huru lakini mwenye hofu, mwenye mke mjamzito na watoto wengi, na sheria ya mwaka 1850 ya kuwarudisha watumwa waliotoroka imeshapitishwa. Mke wake anatoweka. Sura inafungwa. Anayefuata upande huo ni mwanamume mzima anayeitwa H, herufi moja tu, na inakubidi uhesabu miaka mwenyewe ndipo utambue ni nani. H hajui baba yake alikuwa nani. Wewe unajua. Ulikuwa naye kurasa chache zilizopita, ulimwona akimtafuta mama yake H, na huna njia ya kumwambia.

Nilipoelewa hilo, hasira iliniisha. Kile kilichonikera ndicho kitabu kilichotaka nikihisi. Utumwa ulikata ukoo, na Gyasi anaukata kila baada ya kurasa ishirini mpaka msomaji anabaki kuwa mtu pekee duniani anayeijua nasaba yote ya watu hawa. Linganisha na upande uliobaki Afrika: huko nako kuna maumivu, lakini mtoto anajua jina la bibi yake, na jiwe jeusi la mkufu linapita mkono kwa mkono. Jiwe kama hilo alilokuwa nalo Esi limebaki limefukiwa katika udongo wa shimo. Hiyo ndiyo tofauti ya matawi mawili, na mwandishi hakulazimika kuieleza kwa hotuba.

Na kurasa ishirini si kidogo zikiwa mikononi mwa anayejua kazi. H anakamatwa Alabama kwa kusingiziwa kwamba alimtazama mwanamke mzungu, anatozwa faini ya dola 10 asiyoweza kuilipa, anauzwa kwenye mgodi wa makaa ya mawe pamoja na wafungwa wengine. Siku moja mfungwa mzungu aliyewekwa karibu naye anaishiwa nguvu. Asipofikisha kiasi chake, adhabu itawashukia wote wawili. H anachukua sepetu la pili. Anashindilia makaa kwa mikono miwili, huku kwake na huku kwa yule mwingine, mpaka siku inakwisha, na jina la Masepetu Mawili linamganda. Ukishasoma hapo utamkumbuka H kuliko wahusika wengi waliopewa kitabu kizima.

Sasa geukia Pachinko. Min Jin Lee anafanya kinyume kabisa: anampa mtu mmoja kijiti na hakubali akiachie. Sunja tunamjua akiwa mtoto katika kisiwa cha Yeongdo, Busan, binti wa mwenye nyumba ya wageni, baba aliyezaliwa na mdomo uliopasuka na mguu uliopinda. Kitabu kinaanza mwaka 1910, Japani ilipoitwaa Korea, na kinaishia 1989. Karibu kurasa mia tano, vizazi vinne, na Sunja yupo. Anahamia Osaka akiwa na mimba na mume mchungaji mgonjwa wa kifua kikuu. Anazaa, anauza kimchi, kabichi iliyochachushwa, kwenye mkokoteni, anafiwa, anakuwa bibi. Wanawe wakichukua hadithi, yeye hatoki. Anasogea pembeni ya chumba, na ukitazama utamwona bado anafanya kazi.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa ufupi: kama wewe ni msomaji anayetaka kukaa na mtu, kuzeeka naye, kumjua mpaka ukadhani utamtambua akipita, chukua Pachinko. Kama unavumilia kuagana haraka, na unataka kuona umbo zima la kilichotokea, chukua Homegoing.

Lakini kuna jambo la kumtahadharisha anayechagua Pachinko kwa kutafuta faraja. Lee hana maandalizi ya kifo. Mtu uliyekuwa naye kurasa mia mbili anaweza kufa katika sentensi moja, kwa sauti ile ile inayotaja bei ya mboga, na aya inayofuata inaendelea na kazi za siku hiyo. Mara ya kwanza nilidhani nimeruka ukurasa. Nilirudi nyuma kuhakikisha. Wengine huona huko ni kukosa huruma. Mimi naona ni uaminifu, kwa sababu maskini hawapewi likizo ya kuomboleza, na mkokoteni lazima utoke kesho yake.

Tena ni kitabu kinachokaa kwenye vitu vidogo. Kabla Sunja hajaondoka Korea, mama yake, Yangjin, anakwenda kwa muuza mchele. Anataka mchele mweupe, kidogo tu, wa mlo wa harusi. Mchele mweupe wakati huo unawekewa Wajapani wenye uwezo wa kuulipia. Wakorea wanakula nafaka za chini. Muuzaji anasita. Yangjin hapigi kelele, anaeleza tu kwamba anataka binti yake auonje mchele wa nyumbani kabla hajaondoka. Hakuna askari wala bendera katika tukio hilo, na sijasoma maelezo ya ukoloni yaliyonikaa kuliko yale. Lee aliishi Tokyo kati ya mwaka 2007 na 2011, akawahoji Wakorea wa huko, akaiandika upya riwaya aliyokuwa nayo kichwani tangu 1989 alipokuwa mwanafunzi. Inaonekana. Kijana Solomon, mjukuu wa Sunja, kazaliwa Japani na baba yake kazaliwa Japani, na bado anapofikisha miaka 14 lazima aende ofisini kuchukuliwa alama za vidole kama mgeni. Ukifika hapo hutahitaji kuelezwa uraia ni kitu gani.

Kijiti kinachorushwa

Kintu kinafanya ambacho vitabu vile viwili havithubutu. Kinaanza Januari 2004 huko Bwaise, Kampala: mwanamume anachukuliwa nyumbani kwake asubuhi, na kabla hajajua anashitakiwa nini, umati umeshamuua. Kurasa chache tu. Halafu unarudishwa mwaka 1750. Kintu Kidda, mtawala wa jimbo la Buddu katika ufalme wa Buganda, yuko safarini na watu wake kwenda kumpa heshima kabaka mpya. Njiani anampiga kofi kijana aliyemlea kama mwanawe, Kalema, na kijana anakufa. Baba mzazi wa Kalema, Ntwire, aliyetoka Rwanda, anatamka laana juu ya Kintu na uzao wake.

Halafu riwaya inaruka. Inaipita karne ya kumi na tisa, inaupita ukoloni wote wa Waingereza, inatua 2004 tena, katika matawi manne ya ukoo huo ambao watu wake hawajuani: Suubi, Kanani, Isaac Newton, Miisi. Kila mmoja ana sehemu yake, na sehemu ya sita inawakusanya.

Msomaji aliyezoea riwaya za kihistoria atauliza: mkoloni yuko wapi? Makumbi alimwacha nje kwa makusudi, na mimi nadhani huo ni uamuzi wa ujasiri kuliko wote katika vitabu hivi vinne. Tumezoea historia ya Afrika kusimuliwa kana kwamba inaanza meli zinapotia nanga. Hapa ukoo una kosa lake, uliolitenda wenyewe, kabla ya mzungu yeyote kufika, na una deni lake la kulipa. Ukoloni umo, lakini kama moshi uliobaki nguoni: katika jina la Isaac Newton, katika ulokole wa Kanani, katika elimu ya Miisi.

Kwa msomaji wa Kiswahili kitabu hiki kina ladha ambayo wengine hawaipati. Makumbi ameyaacha maneno mengi ya Kiganda bila kuyafasiri, na sikio la Kibantu linayanasa. Jina lenyewe la Kintu, ambalo Baganda wanampa mtu wa kwanza wa duniani, ukilitamka polepole unasikia kitu, unasikia mtu. Pacha wa kike ni Babirye na Nnakato, wa kiume ni Wasswa na Kato. Ukishalijua hilo, utashtuka kila jina la pacha linapojitokeza karne mbili baadaye, maana utajua kuna mtu ambaye wenyewe hawamkumbuki.

Ugumu wake ni kwamba anayesoma vipande vipande atapotea. Sehemu ya kwanza ina wake, watoto na machifu wengi, na mambo madogo ya 1750 yanadai malipo mwishoni. Hiki ni kitabu cha wiki mbili za utulivu. Sikushauri ukisikilize kwa sauti mara ya kwanza. Utahitaji kurudi nyuma, na kwenye karatasi ndiko kurudi kunakokuwa rahisi. Na kuna ukatili: yale mauaji ya kurasa za mwanzo hayajapakwa rangi, na ndani ya familia zile mna siri zinazoumiza. Homegoing nacho, kwa kuwa ni cha utumwa, kina ubakaji na viboko. Pachinko kina mtu anayejitoa uhai. Nayataja kwa sababu wengi huchagua riwaya ya ukoo wakidhani ni usomaji wa kupumzikia.

Kijiti kisichotoka nyumbani

Mahfouz ndiye mzee wao. Aliumaliza utatu wake mwaka 1952 ukiwa riwaya moja ndefu. Ukaja kutoka kwa juzuu tatu zenye majina ya mitaa ya Cairo: Bayn al-Qasrayn, Qasr al-Shawq, al-Sukkariyya. Jumla ni zaidi ya kurasa elfu moja. Miaka inayosimuliwa ni michache kuliko katika vile vingine, 1917 hadi 1944, na vizazi ni vitatu tu. Anayehesabu vizazi kama kipimo cha ukubwa atakiona kidogo, lakini kurasa elfu kwa miaka chini ya thelathini maana yake ni kwamba huruki kitu. Unakaa ndani ya nyumba.

Na ni nyumba hasa. Bwana Ahmad Abd al-Jawad dukani na kwa rafiki zake ni mcheshi, mwimbaji, mpenda starehe. Akivuka kizingiti chake ni mfalme ambaye wanawe hawathubutu kumtazama usoni. Mkewe Amina ameishi miaka mingi bila kutembea mjini. Siku anapotoka kwa siri kwenda kuuzuru msikiti wa al-Husayn, mtaa wa karibu tu, kinachofuata ni kizito kuliko mapigano mengi ya riwaya za vita. Mapinduzi ya 1919 yanaingia mlangoni kupitia kwa mwana anayesoma sheria. Baadaye wajukuu wawili wa nyumba moja wanagawanyika, mmoja mfuasi wa chama cha Ndugu wa Kiislamu, mwingine mkomunisti. Siasa ya Misri yote imepita sebuleni pale.

Sipendekezi kuanzia hapa isipokuwa kwa aina moja ya msomaji: anayependa mazungumzo ya familia kuliko matukio, asiye na haraka. Huyo aanze leo. Kurasa mia za mwanzo ni siku chache tu za maisha ya kawaida, na asiyeweza kukaa nazo hatafika zinapoanza kutikisika.

Na vile viwili maarufu

Kuna watakaouliza mbona sikuanza na Gabriel García Márquez na ile miaka mia ya upweke, Cien años de soledad ya mwaka 1967. Naipenda sana. Lakini vizazi saba vya watu wanaoitwa José Arcadio na Aureliano, mmoja wao akiwa na wana 17 wanaoitwa Aureliano wote, ni mlima wa kupanda ukiwa umeshafanya mazoezi. Kurudiarudia majina ndiyo maana yenyewe ya kitabu. Anayeanza huona ni usumbufu na kulaumu akili yake bure. Buddenbrooks cha Thomas Mann (1901), vizazi vinne vya wafanyabiashara wa Lübeck, ni rahisi kufuata, na ningekipa mtu anayetaka kuona ukoo tajiri ukishuka ngazi moja moja bila mshindo.

Uchague vipi sasa

Kama una muda wa vipande, nusu saa usiku, Homegoing kinakufaa kuliko vyote: sura moja inasomeka kama hadithi fupi kamili, ukaweka kitabu chini, ukarudi kesho bila kupotea. Kina pia mti wa ukoo mwanzoni. Usiusome wote kwanza. Rudi kwenye mti kila unapomaliza sura, uweke alama ya penseli penye jina la uliyeachana naye. Ukifika mwisho huo ukurasa mmoja utakuwa na uzito wa kitabu kizima. Kwa Kintu tengeneza mti wako mwenyewe kwenye karatasi. Kwa Pachinko huhitaji, majina ni machache na Lee anakushika mkono.

Kama hujawahi kumaliza kitabu cha kurasa mia tano, Pachinko ndicho cha kukufundisha, kwa sababu kinakwenda mbele kwa mpangilio wa miaka na kila sura inaishia mahali panapokufanya ufungue inayofuata. Kama unatafuta kitabu cha kubishania na wenzako, chukua Kintu. Sijaona watu wawili waliokubaliana kama laana ile ni ya kweli, au ni jina tu ambalo ukoo umeyapa maradhi na misiba yake. Na kama unataka kimoja tu maishani mwako, na huna nia ya kurudi tena kwenye aina hii, nitakupa Homegoing, ijapokuwa Pachinko ndicho ninachokipenda zaidi.

Mahfouz mwachie nafasi ya mwisho, uje kwake ukiwa umeshajua kusubiri. Juzuu ya kwanza inaanza na Amina akiamka usiku wa manane bila kuamshwa na mtu, kwa mazoea ya miaka, ili ashike taa juu ya ngazi mumewe anaporudi. Nyumba imejaa watoto waliolala. Juzuu ya tatu inaanza na mikono ya wanawake juu ya jiko la makaa, baridi imeingia, na ya Amina imekonda. Usipite haraka hapo. Hesabu mikono, kisha rudi kichwani mwako juzuu ya kwanza, uhesabu waliokuwa wakikaa pamoja kunywa kahawa jioni.